Kupima vijidole vya utumbo wa kuku

Ukiupasua utumbo mwembamba wa kifaranga kwa mkasi, ukausuuza taratibu kwa maji ya chumvi, utaona ndani yake kitu kama mahameli iliyolowa. Ugeuze kidogo kwenye mwanga na mahameli ile inacheza. Ule ulaini ndio kazi yangu. Ni vijidole, maelfu kwa maelfu, vimesimama wima ukutani kama mpunga kwenye jaruba, kila kimoja na urefu wa milimita moja hivi.

Kila kijidole kimevikwa safu moja tu ya seli, na ndani yake mna mishipa myembamba ya damu inayopokea chakula kilichosagwa. Miguuni pa vijidole kuna vishimo vilivyochimbika kwenye ukuta wa utumbo. Humo ndimo seli mpya zinamozaliwa. Zinapanda polepole, zinafika nchani, zinadondoka, na nyingine ziko nyuma yao zinapanda. Kwa kuku wa nyama safari hiyo haimalizi hata wiki.

Ukijua urefu wa kijidole na kina cha kishimo, umejua mengi kuhusu kuku yule. Kijidole kirefu ni eneo kubwa la kufyonza chakula. Kishimo kilichozama kupita kawaida ni dalili kwamba seli zinakufa haraka na mwili unahangaika kuzifidia. Kuhara damu kukiingia bandani, vijidole hufupika na vishimo huzama. Vitu hivi viwili huenda kinyume. Naomba msomaji alishike hili la kwenda kinyume, nitalirudia.

Niliianza kazi hii kwa sababu ya swali la wafugaji. Soya ni ghali, na mfugaji anayejichanganyia chakula nyumbani anataka kujua kama unga wa majani ya mlonge unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya soya bila kumdhuru kifaranga. Kumpima uzito ni rahisi, mizani ipo. Lakini uzito unakwambia tu kwamba kuku amekua au amedumaa, hauelezi kilichotokea tumboni. Nikawagawa vifaranga makundi mawili, nikawalisha siku 28, nikachukua vipande vya utumbo wao, na hapo ndipo nilipolazimika kujifunza programu za kupimia picha za hadubini.

Ya kwanza, na ambayo mpaka leo haikosi kufunguka mezani kwangu, ni ImageJ. Iliandikwa na Wayne Rasband alipokuwa mtumishi wa NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, huko Bethesda. Mwaka 1987 alikuwa ametoa NIH Image, iliyofanya kazi kwenye kompyuta za Macintosh tu. Mwaka 1997 akaanza upya kwa Java, lugha ya kuandikia programu, ili kila mwenye kompyuta aweze kuitumia. Ni ya bure, na bure yake haina siku ya mwisho. Haidai leseni wala intaneti. Kompyuta mpakato niliyokuwa nayo enzi hizo ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na betri iliyokwisha kufa, na ImageJ niliyoiweka kutoka kwenye flashi ilikwenda bila kukwama. Baadaye nikahamia Fiji, ambayo ni ImageJ ileile ikiwa imefungashiwa nyenzo nyingi ndani yake. Makala yake ilitoka mwaka 2012 katika jarida la Nature Methods. Programu za kulipia zinazouzwa pamoja na hadubini nimeziona. Nyingine hazifunguki bila kifunguo cha kuchomeka kwenye kompyuta, na kifunguo kikipotea kazi yako imefungiwa ndani. Kwa hiyo nikisema namshukuru mtu ambaye sijawahi kumwona, aliyekaa akaandika programu akaiachia dunia, nasema kwa moyo wote. Bila yeye swali la mfugaji wangu lingeishia kwenye mizani.

Kazi yenyewe ni kuchora mistari. Unafungua picha, unaieleza programu ni pikseli ngapi, yaani vitone vya picha, zinazofanya mikromita ngapi (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita), kisha unavuta mstari kutoka nchani mwa kijidole hadi pale kinapokutana na mdomo wa kishimo. Ukibonyeza M, urefu unaandikwa kwenye jedwali. Ukibonyeza T, mstari wenyewe unawekwa kwenye orodha, na orodha hiyo unaweza kuihifadhi na kuirudisha juu ya picha siku yoyote. Halafu mstari wa pili, kutoka mdomo wa kishimo hadi kwenye sakafu yake. Kijidole kikiwa kimepinda, unatumia mstari wa vipande unaofuata mapindo, maana ukikatiza utakuwa umekipunja.

Swali gumu kuliko yote programu haikuulizi kabisa: upime kijidole kipi?

Kinachokaa kwenye slaidi ni ukanda wa tishu wenye unene wa mikromita 5, uliokatwa kutoka kwenye bonge la nta ambamo kipande cha utumbo kimegandishwa. Chukua ndizi uikate. Kisu kikipita katikati kwa urefu wake, unaiona ndizi yote kutoka ncha hadi ncha. Kikipita mshazari, unapata yai. Kikipita upana, unapata duara dogo. Vijidole navyo ni hivyohivyo. Utumbo ukilala vibaya ndani ya nta, kisu kitavikata mshazari, na kwenye picha utaviona vifupi ilhali ni virefu, au utaviona vikielea katikati kama visiwa visivyo na shina. Programu itavipima vyote bila kinyongo na itakuandikia namba zenye desimali tatu.

Anayenifundisha kuvichagua ni mama mmoja, fundi sanifu wa maabara ya tishu, ambaye amekata nta kwa miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wake wengi. Siku ya kwanza nilimpelekea vipande vya utumbo ambavyo vilikaa juu ya meza wakati nikiwapima kuku wengine uzito. Nilimwamkia, akaitikia, akashika chupa akaiinua dirishani.

"Mwanangu," akasema, "utumbo haungoji. Kuku akishakata roho, nao unaanza kujila wenyewe. Lazima formalini iwe inakusubiri, si wewe uanze kuitafuta formalini."

Formalini ndiyo dawa inayozuia tishu isioze. Alivikata vipande vyangu hivyohivyo ili nione. Ncha za vijidole zilikuwa zimebanduka, zimebaki kamba za tishu ya ndani zikiwa wazi bila seli za kuzifunika. Vijidole vile ningeweza kuvipima. Namba zingetoka. Zingekuwa namba za uzembe wa dakika ishirini, wala si za mlonge.

Kisha akanionyesha jinsi ya kutambua kijidole kinachofaa. Uone shina lake, ncha yake na kishimo chake, vyote kwenye ukanda uleule. Utazame seli za pembeni: zinatakiwa zipange mstari mmoja safi upande huu na upande huu, viini vyao vikiwa usawa mmoja kama shanga kwenye uzi. Ukikuta viini vimerundikana tabaka tatu au nne, ujue kisu kilipita pembeni ya kijidole, kikachuna ngozi badala ya kupasua katikati. Hicho kiache. Kwenye slaidi nzuri unaweza kupata vijidole kumi au kumi na tano vya kupima kwa kila kuku; kwenye mbaya hupati hata vitatu, na hapo dawa ni kurudi kwenye nta ukate upya.

Kuna hatari nyingine imejificha humo. Mimi ndiye ninayechagua kipi kipimwe, na mimi ndiye ninayetamani mlonge ufaulu. Jicho linapendelea hata bila mwenye jicho kujua. Ndiyo maana sasa picha zangu hazina jina la kundi. Mwenzangu anazibadilisha majina kuwa namba, anaweka ufunguo kwenye karatasi ndani ya droo yake, na sipewi mpaka mstari wa mwisho uwe umechorwa.

Sasa nifike kwenye kosa lililonifanya niandike makala hii.

Slaidi za kundi la soya nilizipiga picha mwenyewe kwa kamera iliyo juu ya hadubini, nikazihamisha kwa flashi. Kwanza nilipiga picha ya kioo cha kipimo, kile chenye mstari wa milimita moja uliogawanywa sehemu 100, kila sehemu mikromita 10. Milimita ile ilichukua pikseli 2,270. Nikaingiza namba hiyo kwenye ImageJ, na kwa kuwa picha zote zilitoka kwenye lenzi ileile na kamera ileile, nikaweka alama kwenye kisanduku kinachosema kipimo hiki kitumike kwa kila picha itakayofunguliwa. Nikapima kundi zima.

Kabla sijafika kwenye kundi la mlonge nikapata msiba nyumbani, nikasafiri. Mwenzangu mmoja kwa wema wake alikaa na slaidi zangu jioni mbili akazipiga picha zote, kwa lenzi ileile na kamera ileile, na akanitumia kwa WhatsApp ili nisikwame. Niliporudi nilizifungua, nikachora mistari yangu, nikabonyeza M.

Kundi la soya: vijidole wastani wa mikromita 930, vishimo 180. Kundi la mlonge: vijidole 565, vishimo 110.

Niliitazama ile 565 kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewaambia wafugaji wawili kwamba dalili ni nzuri. Vifaranga wenyewe walikuwa wazima, wamenona, hakuna aliyeharisha. Nikajiambia kwamba labda madhara yako ndani na hayajatokeza kwenye uzito. Nikaanza kuandika sura ya matokeo. Niliandika kwamba majani ya mlonge hupunguza urefu wa vijidole kwa karibu asilimia 40.

Yule mama fundi wa maabara alikuja kuchukua funguo za stoo, akasimama nyuma yangu akisoma jedwali. Hakusema kitu kuhusu vijidole. Aliweka kidole kwenye safu ya pili.

"Mbona na vishimo vimefupika?"

Nikamwambia ndivyo vilivyotoka.

"Utumbo ukiumia, vishimo vinazama. Mimi sijaona utumbo unaoumia vishimo vikapanda juu. Gawanya."

Nikagawanya. 930 kwa 180 ni 5.17. 565 kwa 110 ni 5.14. Uwiano ni uleule. Ilikuwa kana kwamba mtu amechukua utumbo mzima wa kuku mwenye afya akaupunguza, kijidole na kishimo pamoja, kwa kiasi kilekile. Sijui ugonjwa unaofanya hivyo. Uwiano haujali kipimo: ukikosea mikromita, juu na chini vinakosewa pamoja, na jibu linabaki palepale. Uwiano wangu ulikuwa unasema ukweli muda wote ule, nami nilikuwa sijautazama.

Akaniambia nitafute mshipa wa damu kwenye picha na nipime seli nyekundu.

Hapa ndipo kuku ana faida. Seli nyekundu ya binadamu ni duara lisilo na kiini. Ya kuku ni yai refu lenye kiini katikati, na urefu wake kwenye damu iliyopakwa juu ya kioo ni mikromita 12 hivi. Ikipita kwenye spiriti na nta hunywea kidogo, lakini hainywei kwa kundi moja ikaacha jingine. Nilikuza picha ya soya mpaka pikseli zikaonekana kama vigae, nikapima seli kumi ndani ya mshipa mmoja katikati ya kijidole. Zikatoka 10, 11, 10 na nusu. Nikafungua picha ya mlonge nikapima kumi nyingine. Sita na nusu. Saba kasoro. Sita na nusu. Majani ya mti gani yangeweza kupunguza seli nyekundu za kuku kwa zaidi ya theluthi, na kuku akaendelea kutembea?

Nikatazama ukubwa wa picha. Zile za flashi zilikuwa na upana wa pikseli 2,592. Zile za WhatsApp zilikuwa na pikseli 1,600. Simu ilikuwa imezipunguza ili zipite haraka, kama inavyopunguza picha za harusi, na milimita ambayo ilikuwa pikseli 2,270 sasa ilikuwa pikseli 1,400 tu. Mimi nilikuwa nimeiagiza programu itumie kipimo cha zamani kwa kila picha, nayo ikatii. Zidisha 565 kwa 2,592, ugawanye kwa 1,600. Unapata 915.

Kati ya 930 na 915 hapakuwa na tofauti ya kuandikia sura.

Hesabu ile ilitosha kunionyesha kosa, lakini haikutosha kuwa jibu la utafiti. Picha za asili zilikuwa bado kwenye kompyuta ya hadubini, hazijafutwa, na hiyo ilikuwa bahati. Nilizichukua kwa flashi nikapima upya kuanzia kijidole cha kwanza, kwa wiki moja na siku mbili. Mistari ya awali nayo niliihifadhi, pamoja na maelezo ya kosa, kwenye folda moja na ile sahihi. Msimamizi wangu aliziona zote mbili.

Wapo watakaosema jambo hili ni dogo, kisanduku kimoja tu. Mimi nadhani ni kubwa, kwa sababu sisi tunafanya kazi kwa WhatsApp. Slaidi zinapigwa picha wilayani zinatumwa mjini. Daktari wa mifugo anamwuliza mwenzake, mwanafunzi anamtumia msimamizi aliye safarini, na mengi mazuri yanafanyika kwa njia hiyo. Picha ya kuuliza "hii ni nini?" inaweza kupita popote. Picha ya kupima haiwezi. Itume kama hati, si kama picha, nayo itafika na pikseli zake zote. Iandike mstari wa kipimo juu yake kabla haijatoka kwenye kompyuta ya hadubini, ili ikipunguzwa, mstari upungue pamoja nayo. Na ukimaliza kuweka kipimo kwenye ImageJ, ihifadhi picha kwa TIFF, aina mojawapo ya faili za picha, maana faili hilo hubeba kipimo chake ndani na halitegemei kumbukumbu yako. Kabla ya kupima kundi lolote sasa hivi napima kwanza seli nyekundu tano. Inachukua dakika mbili.

Kuhesabu seli ni kazi nyingine, na kwa kazi hiyo natumia zaidi programu nyingine, QuPath. Ilianzia Queen's University Belfast, Ireland ya Kaskazini, mikononi mwa Pete Bankhead, ikawekwa wazi kwa watu wote mwaka 2016, na makala yake ikatoka mwaka uliofuata. Nayo ni ya bure. Imetengenezwa kwa ajili ya slaidi nzima zilizopigwa picha kwa mashine, ambazo ni picha za kutisha kwa ukubwa. Kipande cha tishu cha sentimita moja na nusu kila upande, kikipigwa kwa robo ya mikromita kwa pikseli, kina pikseli 60,000 kwa 60,000. Programu za kawaida zingezimia. QuPath huifungua kidogokidogo kama ramani kwenye simu: unaona nchi nzima, unakaribia mkoa, unakaribia mtaa, mpaka unasimama mlangoni mwa seli moja.

Rangi ndiyo lugha ya kazi hii. Slaidi zetu nyingi zimepakwa hematoksilini na eosini. Hematoksilini hutoka kwenye kiini cha shina la mti wa Amerika ya Kati, na hukolea kwenye viini vya seli kwa buluu inayoelekea zambarau. Eosini ni waridi, hushika sehemu zilizobaki. Kompyuta haioni buluu na waridi kama sisi; inaona nyekundu, kijani na buluu za kamera, zikiwa zimechanganyika. Mwaka 2001 Ruifrok na Johnston walionyesha namna ya kuzitenganisha kwa hesabu, kila rangi ikae kwenye picha yake, na njia hiyo imo ndani ya Fiji na ndani ya QuPath mpaka leo. Ila inabidi uionyeshe rangi zako wewe. Hematoksilini hugeuka buluu safi inapooshwa kwa maji ya bomba yenye alkali kidogo, na maji ya bomba si mamoja. Slaidi za kiangazi na za masika kutoka maabara moja nimeziona zikitofautiana rangi. Ukitumia vipimo vya rangi vilivyokuja na programu bila kuvirekebisha, unahesabu kwa macho ya maabara ya mtu mwingine.

Nilipoiagiza QuPath kwa mara ya kwanza itafute viini vyote kwenye kijidole, ili nihesabu seli za kinga zilizojipenyeza, ilinipa idadi iliyonistua. Kijidole kilijaa alama, nyingi zimepangwa kwenye mistari myembamba inayopanda katikati. Ukiona seli za kinga nyingi hivyo unafikiria uvimbe na maradhi. Nikakaribia. Mistari ile ilikuwa mishipa ya damu. Programu ilikuwa imehesabu seli nyekundu, na haikukosea, kwa sababu za kuku zina viini na yenyewe iliambiwa itafute viini. Ilibidi niifundishe. Nikaweka alama kwenye mifano, hizi ndefu zenye waridi kali kuzizunguka ni za damu, hizi za mviringo zilizobanwa ni za kinga, mfano baada ya mfano, mpaka ikaanza kuzitenganisha yenyewe. Hata hapo napitia kila kijidole kwa jicho, na bado nakuta zilizochanganywa.

Hilo ndilo ninalowaambia wanaoniuliza habari za akili bandia. Zipo nyenzo nzuri mno. Mwaka 2015 kikundi cha Freiburg, Ujerumani, kilitoa U-Net, mtandao wa akili bandia unaojifunza kutenga sehemu za picha, na mwaka huohuo yakafanyika mashindano ya kutambua tezi za utumbo mpana kwa picha 165 zilizotoka kwenye slaidi 16. Mwaka 2018 ikaja StarDist, inayotafuta viini kwa kuchora umbo la nyota kuvizunguka, na inafanya kazi ndani ya Fiji na ndani ya QuPath. Nazitumia, zinaniokolea saa nyingi. Lakini picha za mashindano yale zilikuwa za utumbo wa binadamu, zimepakwa rangi kwingine, zimekatwa na mikono mingine. Programu inajua ilichoonyeshwa. Hakuna atakayeionyesha kuku wetu, mbuzi wetu na maji yetu ya bomba isipokuwa sisi, na kazi hiyo inaanza na mtu kukaa akaweka alama kwenye viini elfu moja kwa mkono. Napenda kazi hiyo ingekuwa na heshima kubwa kuliko iliyonayo vyuoni kwetu. Haitoi makala haraka. Inatoa kitu ambacho wengine watano watakitumia.

Mistari ninayochora kwa kuku ndiyo hiyohiyo inayochorwa kwa watu. Ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo hukasirikia protini ya ngano, hupangwa kwa ngazi alizopendekeza Michael Marsh mwaka 1992, na ngazi hizo zinategemea macho ya daktari kuhusu vijidole na vishimo na idadi ya seli za kinga. Huku kwetu kusini mwa jangwa kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Mjini Lusaka, katika mtaa wa Misisi, kundi la Paul Kelly na wenzake wa Zambia wamechunguza kwa miaka mingi matumbo ya watu wanaoishi na maji yasiyo salama. Hawa si wagonjwa wa kulala wodini. Wengi wanajiona wazima. Lakini vijidole vyao vimefupika na ukuta wa utumbo unavuja, na hali hiyo inahusishwa na watoto kudumaa hata pale chakula kinapokuwepo. Nikichora mstari nakumbuka kwamba kuna mtu Lusaka anachora wake, na wake ni wa mtu mwenye jina.

Na vipimo hivi vinabadilisha hata vitabu. Shuleni niliambiwa utumbo wa mtu ukikunjuliwa wote, na vijidole vyake, unafunika uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 Helander na Fändriks wa Gothenburg, Sweden, walipima upya kwa picha za hadubini na kupata kama mita za mraba 32 kwa njia nzima ya chakula, pungufu kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira wa vinyoya (badminton). Kwa miaka mingi walimu na wanafunzi tuliukariri uwanja wa tenisi.

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi mpya anayepima ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ya kuku wa kienyeji. Alikuwa ameshaweka kipimo, ameshapima seli nyekundu zake tano na kuziandika pembeni kwa penseli. Kwenye picha ya kwanza kulikuwa na kijidole kirefu kizuri, kimesimama peke yake, na akakiruka. Nikamwuliza kwa nini.

"Kishimo chake hakionekani, kaka," akasema. "Sijui kinaanzia wapi."

Akasogeza picha kushoto, akapata kingine, akakikagua upande huu na upande huu, akavuta mstari.